Nani Anakula Umeme wa Mzee Hilari?

Asubuhi nyumbani kwa mzee Hilari huanza na harufu ya vitumbua. Mkewe, mama Klementina, huwasha jiko barazani mapema. Unga wake ni wa mchele wa shamba lao la Mchombe. Mtaa mzima wa Kibaoni, hapa Ifakara, unavijua vitumbua vile. Mwanafunzi akichelewa shule, usiulize alipitia wapi.

Nyumba yao ni kubwa. Mbele wanakaa wenyewe. Nyuma kuna vyumba viwili vya kupangisha. Kimoja anakaa mwalimu Vitus, kijana mpole anayependa shati lililonyooka. Cha pili anakaa Sikitu na wanawe wawili. Sikitu ni Msukuma. Kaka yake anafuga ng'ombe upande wa Michenga, na kila asubuhi maziwa huletwa kwa bodaboda. Sikitu huyachemsha, huyagandisha, kisha huyatunza kwenye friza lake na kuyauza. Maziwa hayo ndiyo chakula cha wanawe, ndiyo ada, ndiyo kodi ya chumba.

Uani kuna kisima kirefu chenye pampu ya umeme. Pampu hupandisha maji kwenye tangi lililo juu ya mnara wa matofali. Nyuma ya mnara kuna migomba. Migomba ile, jamani! Hata wakati wa kiangazi mikungu yake inagusa ardhi. Mzee Hilari humwonyesha mgeni migomba kabla hajamwonyesha kiti.

Nyumba nzima ilitumia mita moja ya LUKU, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia. Kila mmoja alichangia umeme, na Sikitu alichangia zaidi kwa sababu ya friza. Hakuwahi kubisha. Lakini kiangazi kilipoanza, umeme ukawa unaisha haraka ajabu. Leo wanaingiza tokeni, keshokutwa mita inalia tena.

"Ni friza," alisema mzee Hilari.

"Una hakika, baba?" aliuliza mwalimu Vitus.

"Kuna kingine? Pasi yako unaiwasha mara moja kwa siku. Taa zetu ni ndogo. Friza halilali."

Alisema hivyo mara nyingi, mpaka kila mtu akaamini. Neno likirudiwa sana huonekana kweli, hata kama halikupimwa.

Jumamosi moja, jumuiya yao ya kanisa ilisali nyumbani kwao. Watu walijaa sebuleni. Joto la Ifakara mnalijua. Wimbo ulikuwa katikati, mara feni zikasimama. Umeme umeisha. Mama Klementina aliinamisha kichwa kwa aibu. Mzee Hilari akasimama.

"Samahanini, ndugu zangu," alisema. "Kosa si letu. Ni friza la yule Msukuma wa nyuma. Linakula umeme kama ng'ombe wa kaka yake wanavyokula mpunga wa watu."

Baadhi walicheka. Kisha kicheko kikakatika. Sikitu alikuwa amesimama mlangoni. Mikononi alishika ndoo ya maziwa mgando aliyowaletea wageni wa nyumba. Aliiweka chini taratibu, akapiga goti kuwaamkia wazee, akaondoka. Mimi nasema wazi, hapo mzee Hilari alikosea sana.

Lakini hakuishia hapo. Jioni alimwita Sikitu.

"Mwisho wa mwezi uhame. Na friza nimelizimia swichi."

"Baba, maziwa yangu yataharibika."

"Umeme wangu nao umeharibika."

Maziwa yaliharibika kweli. Sikitu aliyamwaga uani huku wanawe wakimtazama. Alianza kufunga vyombo. Hakujua atakwenda wapi. Chumba chenye umeme, chenye mwenye nyumba anayekubali friza, si rahisi kupatikana. Na bila friza, hana biashara.

Katika jumuiya ile alikuwemo Agnetha, fundi umeme mwenye leseni. Yeye hakucheka. Siku chache baadaye alipita kununua vitumbua.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu," walijibu.

"Baba, naomba nikuulize. Ulijuaje kuwa friza ndilo linalokula umeme?"

"Nina macho."

"Umeme hauonekani kwa macho. Mita ya LUKU inakwambia uniti zimebaki ngapi. Haikwambii nani amezitumia."

Mama Klementina aligeuza kitumbua. "Basi nani atatuambia?"

"Kuna mita janja," alisema Agnetha. "Ninayo moja ya majaribio. Inakaa ndani ya sanduku la swichi. Kila waya unavishwa pete yake: wa chumba cha Sikitu, wa Vitus, wa kwenu, wa pampu. Pete inapima umeme unaopita hapo. Kisha mita inatuma vipimo kwa mtandao, kama simu inavyotuma ujumbe."

"Inavituma wapi?" aliuliza mzee Hilari. "Kwa serikali?"

Agnetha alicheka. "Hapana, baba. Vinahifadhiwa kwenye kompyuta kubwa zilizo mbali. Mafundi wanaziita wingu. Wewe unavifungua kwenye simu yako kwa neno la siri. Mtandao ukikatika, mita inatunza vipimo na kuvituma baadaye."

"Na LUKU je?"

"LUKU inabaki pale pale. Hiyo haiguswi na mtu. Na sanduku la swichi usilifungue mwenyewe. Umeme hauna rafiki."

Mzee Hilari alifikiri. "Funga. Ili watu waone kwamba sikumwonea mtu."

"Nitafunga kwa sharti moja. Friza liwashwe, kila kitu kitumike kama kawaida. Na wote wa nyumba hii waone vipimo, pamoja na Sikitu. Wote wanachangia, wote wana haki ya kuona."

Mama Klementina alijibu kabla mumewe hajafungua kinywa. "Tumekubali."

Agnetha alizima umeme wa nyumba nzima, akafunga mita, akaurudisha. Nyumba ikaendelea na maisha yake. Vitus alipiga pasi. Sikitu aliwasha friza, lakini vyombo vyake hakuvifungua. Alikuwa amekata tamaa.

Juma lililofuata Agnetha alirudi. Wote walikaa barazani. Aliweka simu katikati yao, juu ya mkeka. Kwenye kioo kulikuwa na mistari ya rangi.

"Mstari ukipanda, umeme mwingi unatumika," alieleza. "Ukishuka, ni kidogo. Huu mwembamba unaochomoza asubuhi ni pasi ya mwalimu."

Vitus alitabasamu. "Hata shati langu limeonekana!"

Mzee Hilari alinyoosha kidole. "Na huu mrefu? Unapanda asubuhi, unakaa juu mchana kutwa. Si niliwaambia? Friza hilo!"

Sikitu aliinamisha macho.

"Hapana, baba," alisema Agnetha. "Friza ni huu wa chini. Unapanda kidogo, unashuka, unapumzika. Friza likishapoa, mota yake husimama."

"Sasa huo mrefu ni wa nani?"

"Ni wa pampu ya kisima."

Mzee Hilari alitikisa kichwa.

"Haiwezekani. Mita yako ina kasoro."

"Tuijaribu. Zima pampu."

Alikwenda akaizima. Aliporudi, walisubiri kidogo, macho kwenye simu. Mstari mrefu ukaanguka mpaka chini. Aliwasha tena, ukapanda. Alizima, ukaanguka. Mzee Hilari aliketi polepole.

"Baba," aliuliza Agnetha, "tangi likijaa, pampu haijizimi? Ndani ya tangi kuna boya. Maji yakipanda, boya linapanda na kukata umeme wa pampu."

"Boya nililifunga kwa kamba kiangazi kilipoanza, lisipande," alisema mzee Hilari kwa sauti ndogo.

"Ulilifunga?" mkewe alishangaa.

"Ili pampu isisimame. Tangi likijaa, maji yamwagike kwenye migomba. Nikiamka naiwasha, nikienda kulala naizima. Maji ya kisima si bure? Kisima nimechimba mwenyewe. Hakuna anayeniletea bili ya maji."

Hakuwa akimficha mtu. Kwa mzee Hilari, maji yaliyo chini ya ardhi yake yalikuwa kama mvua tu. Pampu iko chini kisimani, haisikiki, na nani angeshtuka kuona tope nyuma ya tangi? Ifakara, ardhi kuwa na maji si habari.

"Maji ni bure, baba," alisema Agnetha. "Kuyapandisha ndiko kunakolipiwa. Kila ndoo inayomwagikia migomba imepandishwa kwa umeme. Na umeme huo Sikitu anauchangia."

Mama Klementina alimtazama mumewe. "Kikulacho ki nguoni mwako, mume wangu."

Mkubwa akivuliwa nguo huchutama. Mzee Hilari hakubisha tena. Alimgeukia Sikitu.

"Mwanangu, mla umeme ni mimi. Maziwa yako nitayalipa. Usihame. Nisamehe."

Sikitu alijibu kwa sauti tulivu, lakini machozi yalikuwa yanamtoka.

"Maziwa ni kitu kidogo, baba. Lakini uliyasema yale mbele ya watu. Sokoni sasa wananiita mla umeme. Wanangu wanaitwa hivyo shuleni. Na mpunga ulioliwa, mimi sikuula. Umeniomba radhi hapa barazani, na kule je?"

Alikuwa na haki. Aibu iliyotolewa mbele ya watu haifutwi uani.

Jumamosi iliyofuata, jumuiya ilisali kwa Agnetha. Sala ilipokwisha, mzee Hilari aliomba nafasi. Sikitu alikuwa amealikwa, akaketi karibu na mama Klementina.

"Ndugu zangu," alisema mzee Hilari. "Nilisimama mbele yenu nikamsingizia mpangaji wangu. Tumepima. Mla umeme ni pampu yangu, na aliyefunga boya ni mimi. Nilimtupia lawama kwa sababu tu ni Msukuma na ana friza. Nilikosea. Aliyecheka siku ile, naomba naye amwombe radhi, maana tulicheka pamoja."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mmoja mmoja waliinuka, wakamwendea Sikitu wakampa mkono. Usiku ule Sikitu alifungua vyombo vyake, akavipanga tena kabatini.

Kisha kazi ikaanza. Mzee Hilari alifungua kamba ya boya. Pampu sasa hufanya kazi kidogo tu, tangi likijaa inasimama. Migomba inamwagiwa maji yaliyosuuza vyombo na nguo, yasiyo na sabuni nyingi. Mikungu imepungua ukubwa kidogo, lakini inalika vilevile.

Sikitu naye alijifunza kitu. Mstari wa friza ulikuwa unapanda sana kila alipomaliza kuchemsha maziwa.

"Unayaingiza yakiwa ya moto?" Agnetha alimuuliza.

"Ya uvuguvugu."

"Yapoze kwanza kwenye beseni la maji. Na friza lisogeze mbali na ukuta lipate hewa. Utaona."

Aliona. Vitus naye akaanza kupiga pasi nguo za juma zima kwa mara moja. Mita yenyewe haipunguzi umeme, inaonyesha tu. Wanaopunguza ni watu. Mwisho walichangishana, wakanunua mita ile iwe yao, na michango ikapangwa kwa kufuata vipimo vya kila chumba. Tokeni iliyokuwa ikiisha keshokutwa sasa inafika juma la pili. Hakuna anayemtazama mwenzake kwa jicho baya mita ikilia.

Agnetha aliwawekea jambo moja zaidi. Pampu ikifanya kazi kupita kiasi, mita inatuma ujumbe kwenye simu za wote.

Wakati wa mavuno mzee Hilari alikuwa Mchombe, ndani ya mpunga, mundu mkononi. Simu ikalia mfukoni.

"Baba, shikamoo. Ni Sikitu."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Nimepata ujumbe. Pampu haisimami. Nimetazama tangi, linamwagika. Nadhani boya limekwama."

"Zima swichi ya pampu, mwanangu. Swichi ya ukutani tu, tangi asipande mtu. Nikirudi nitamwita Agnetha."

"Nimeshaizima, baba. Nilitaka ujue tu."

Mzee Hilari alirudisha simu mfukoni. Jirani yake wa shamba aliinua kichwa kutoka kwenye mpunga.

"Nani huyo anayekulindia nyumba hivyo?"

Mzee Hilari aliushika mundu, lakini hakuinama kukata kwanza.

"Ni yule niliyetaka kumfukuza," alisema.