Ufa Uliofutwa Pichani

Kila alasiri akitoka shule, Dalenda aliazima simu ya mama yake na kuzunguka vichochoro vya mji mkongwe wa Sfaksi, nchini Tunisia, akipiga picha za nyumba. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi hiyo aliipenda kuliko mchezo wowote. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wa upande wa pili, akaishika simu wima ili nyumba isionekane imelala, kisha akangoja jua lipige kwa ubavu, nakshi za mlango zijitokeze.

Mwezi huo shule yao iliandaa maonyesho ya nyumba za kale. Dalenda alichagua nyumba ya jirani yao, Bibi Wasila, mjane aliyeishi peke yake. Picha ilitoka nzuri, ila ufa mrefu juu ya mlango ulimkera. Akaufuta kwa programu ya simu mpaka ukuta ukawa laini.

"Mh! Nyumba imepakwa poda!" rafiki yake Ons alimcheka.

"Nyamaza wewe! Nani atajua?"

Hakuna aliyejua. Mwalimu Mongi aliitundika picha hiyo mlangoni pa ukumbi, na Bibi Wasila naye akaomba atumiwe.

Siku chache baadaye Dalenda alimpelekea bibi sahani ya kuskusi. Alimkuta amechangamka.

"Mjukuu wangu, umenitoa wasiwasi! Nilimwambia mwanangu Nizar naona ufa, akataka kuacha kazi yake kule Marseille, Ufaransa, aje kutazama ukuta. Nimemtumia picha yako, amesema ukuta ni mzima, atakuja kiangazi. Na mimi kwa macho yangu haya, labda niliona kivuli tu."

Dalenda aliaga haraka. Nje alifungua picha ya asili kwenye simu ya mama yake, akailinganisha na ukuta. Pichani ufa ulikomea chini ya dirisha la juu ya mlango. Sasa ulikuwa umelipita. Akisema, picha yake itashushwa na darasa zima litamcheka. Akatazama tena dirisha lile. Kitanda cha bibi kilikuwa nyuma yake. Akarudi ndani mbio.

"Bibi, ufa upo. Niliufuta mimi, nilitaka picha ipendeze."

"Ipendeze!" bibi alifoka. "Na mimi chini ya kifusi, ningependeza?" Kisha akamsukumia simu yake yenye namba ya Nizar. "Haya, mtumie Nizar ile ya kweli. Upesi!"

Nizar alipiga simu papo hapo, akamsihi mama yake atoke. Jioni ile bibi alihamia kwa akina Dalenda. Kabla fundi aliyeitwa kuukarabati ukuta hajafika, mvua kubwa ilinyesha, na sehemu ya ukuta ikaporomokea kitandani. Chumbani hamkuwa na mtu.

Kesho yake Dalenda alimweleza Mwalimu Mongi kila kitu, macho yakiwa chini. Mwalimu aliishusha picha ile.

"Niletee ya asili," alisema.

"Lakini ina ufa, Mwalimu."

"Ndivyo nyumba ilivyokuwa. Anayetazama picha ya nyumba ya mtu anaamini kwamba aliyeipiga amemwonyesha kilichopo. Ukimficha kasoro ili usifiwe, unacheza na maisha ya watu. Ulikosea, Dalenda. Lakini ulikubali kuaibika mapema, na ndiyo maana Bibi Wasila yu hai. Shika hilo, hata utakapokuwa mkubwa na kazi yako ikawa nyingine kabisa."