Samaki wa Jumamosi

Kila Jumamosi mchana, babu alipofunga duka lake la ushonaji, Kidoti alimshika mkono wakaenda kula mkahawani. Babu aliagiza supu na samaki wa kukaanga. Hata kabla ya kuonja, alinyunyiza chumvi kama anayepanda mchicha.

"Supu bila chumvi ni maji ya kunawia," alisema, na Kidoti akacheka mpaka akapaliwa.

Jumamosi moja babu alipoinuka mezani, kichwa kilimzunguka, akaanguka tena kitini. Mama yake Kidoti aliitwa, wakampeleka zahanati. Muuguzi alimpima, akaguna. Presha ilikuwa juu sana.

"Mbona nyumbani chumvi natia kidogo?" mama aliuliza.

"Na anapokula nje je?"

Mama akamgeukia babu. "Baba, mkahawani basi."

Babu alinuna kutwa nzima kama mtoto aliyenyimwa peremende. Kidoti alimwonea huruma. Ile ilikuwa siku yao wawili.

Kesho yake alikwenda mkahawani, akaomba kuonana na mpishi. Alitoka mama mmoja mnene, mikono kiunoni.

"Shikamoo, mama. Babu anaumwa presha. Unaweza kumpunguzia chumvi?"

"Marahaba. Lakini mwanangu, chakula changu hakijawahi kulalamikiwa."

"Hata babu hakulalamika. Alikipenda sana, ndiyo maana alikula mpaka akaugua."

Mpishi akaanza kuhesabu kwa vidole: chumvi kwenye samaki, vidonge vya kuungia supu, halafu sosi. "Kumbe chumvi namlisha kila upande," alisema polepole. "Mlete. Chakula chake nitampikia mbali."

Kidoti alimweleza mama, na Jumamosi iliyofuata mama naye alikuja mkahawani kuhakikisha, macho makali kama mkaguzi. Samaki aliletwa amechomwa kwa ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, na kachumbari tele pembeni. Kidoti akahamishia kikopo cha chumvi meza ya jirani.

Babu akaonja, akakunja uso. "Huyu samaki amegombana na chumvi?" Akaonja tena. Baada ya hapo malalamiko yakaisha. Mdomo ulikuwa na kazi.

Wiki zilipita, babu akimeza dawa alizopewa zahanati na kula hivyo hivyo. Alipopimwa tena, presha ilikuwa imeshuka.

"Kula nje si kosa, mzee," muuguzi alisema. "Onja kabla ya kuongeza chumvi, na uliza chakula kimepikwaje. Wengi huona haya kuuliza, wakaugua kimyakimya. Mjukuu wako aliuliza kwa adabu, na mpishi akamsikia."

"Mwenyewe nilikuwa naona haya," babu akakiri, akamvuta Kidoti karibu.