Moro, Mbwa wa Don Sabino

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Yasna alimpa mbwa wake Pelusa mfupa wa kondoo uliobaki kwenye chungu cha jana. Pelusa alidekezwa kupita kiasi. Alilala karibu na jiko la kuni, na mama akifoka, Yasna alimfunika kwa poncho yake, joho la sufu. Basi baba aliposema kwamba Jumamosi wangepiga kambi kwenye hifadhi ya milimani, na kwamba mbwa hawaruhusiwi huko, msichana huyo wa miaka kumi na miwili hakubishana. Alimficha Pelusa ndani ya gari, upande wa nyuma, chini ya ngozi za kondoo za kulalia.

Langoni, Ercilia, askari wa hifadhi, aliuliza kama walikuwa na mbwa. Baba akajibu kwa moyo mweupe kwamba hawana. Yasna alitazama dirishani akiendelea kula mkate.

Mchana, baba alipokuwa akisimamisha hema, Yasna aliaga kwamba anakwenda kutazama maporomoko, akamchukua Pelusa kwa siri. Kule juu barafu ya mlimani ilikuwa ya buluu, na ziwa lilitulia chini yake. Palikuwa pazuri kweli. Hapo ndipo walipowakuta huemuli wawili, mama na mtoto. Paa hao wa milimani wana ujinga mmoja unaowamaliza: wakiona hatari hawakimbii, husimama wakakodoa macho. Pelusa alimrukia mtoto. Yasna aliita, akavuta mkia, akalia, lakini mbwa hakuachia mpaka shingo ilipolegea. Huemuli mama alisimama palepale akitazama.

Yasna alimwosha Pelusa mdomo kijitoni mpaka maji yakawa safi. Alimrudisha chini ya ngozi, akamwambia baba kwamba maporomoko yanapendeza.

Jioni Ercilia alifika hemani, kofia mkononi. Alisema mtoto wa huemuli ameraruliwa, na mbwa pekee wa karibu ni Moro, wa Don Sabino, mchungaji mzee anayeishi mpakani mwa hifadhi. Alikuwa ameshapita kumwambia.

"Mzee atamfanyaje?" Yasna aliuliza askari alipoondoka.

"Unajua atamfanyaje," baba alijibu, akimimina maji ya moto kwenye kibuyu cha yerba, chai chungu ya kule.

Alijua. Nani asiyejua katika nchi ile ya kondoo? Mbwa akionja damu, mwenyewe humpiga risasi kabla jua halijazama, na hamwachii mtu mwingine kazi hiyo. Yasna alifungua mdomo, akaufunga. Akisema, Pelusa atakufa. Alipokea kibuyu akanywa taratibu, akijipa moyo kwamba labda mzee atachelewa. Alipokirudisha, machozi yalikuwa yakimtoka.

"Baba, si Moro."

Baba alifunua ngozi, akamwona Pelusa, wala hakugomba. Aliwasha gari. Walikuwa wakilifungua lango la Don Sabino mlio wa bunduki uliposikika.

Walimkuta mzee nyuma ya banda la kunyolea manyoya, akichimba.

"Don Sabino, alikuwa mbwa wangu," Yasna alisema.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mchana."

Mzee aliendelea kuchimba. Baba, uso chini kwa aibu, alimshusha Pelusa na kuomba bunduki. Don Sabino akakataa.

"Ameshakufa mmoja kwa kosa hili, inatosha. Huyu mfunge kamba, umlishe mpaka azeeke, binti. Kila ukimpa mfupa umkumbuke Moro. Alinitazama tu, kwa sababu hakuwa na mdomo wa kusema si yeye. Wewe ulikuwa nao, ukaufunga. Ukweli umeuleta, nami nimeupokea, lakini Moro haumsaidii kitu. Siku nyingine useme palepale, hata kama unaogopa."

Kisha akampa koleo. Yasna alifukia kaburi peke yake, huku watu wazima wakimtazama.

Wakiwa njiani kurudi alimweleza Ercilia yote kwa mdomo wake, na familia ikapigwa marufuku kuingia hifadhini. Pelusa aliishi miaka mingi kwenye kamba. Kila asubuhi Yasna aliuweka mfupa chini, akageuza uso, akaenda shule.