Sauti Iliyohamia Garini

Sisi kwetu si watu wa kuogopa ovyo. Paka mweusi akitukatia njia tunamwuliza anakwenda wapi. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia usiyatie kwenye fungu la hadithi za kutishia watoto wasiotaka kulala. Yalimpata dada yangu wa tumbo moja, mimi nikiwa nimekaa pale pale natia vifungo kwenye shati la mtu, na mpaka leo sina maelezo yake.

Dada ni fundi cherehani. Anashonea nyumbani, chumba cha mbele kinachotazama barabara: cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, na rafu ya vitambaa vya watu ambao kila mmoja ameambiwa "njoo kesho". Juu ya rafu ilikaa spika nyeusi ya duara, aliyonunuliwa na mumewe, shemeji yangu, ambaye ni dereva wa teksi. Mimi nasema spika ile ndiyo iliyomwokoa na matusi ya wateja, maana kwa kuchelewesha kazi dada yangu hana mpinzani. Mteja akija amekasirika, dada anamwambia, "Kaa kidogo, unganisha simu yako, weka wimbo unaoupenda." Mteja anaunganisha bluetooth, wimbo unapigwa, hasira zinashuka, suruali inamaliziwa. Spika ilipokea simu ya kila mtu bila ubaguzi.

Na kulikuwa na Babu. Babu ni mtoto wa dada. Alipewa jina la marehemu baba yetu, ndiyo maana watu wazima na ndevu zao walikuwa wakimwamkia shikamoo kwa utani, naye anaitikia marahaba bila aibu. Alikuwa anakaribia miaka mitatu, na mdomo wake haukujua likizo. Kila kilichotokea chumbani alikitangaza. "Mama, uzi umekatika. Mamdogo, kifungo kimeanguka. Mama, Mamdogo anasinzia." Mamdogo ni mimi. Dada alisema huyu akikua atatangaza mpira redioni, na tutakula vizuri uzeeni.

Asubuhi moja aliingia mteja mgeni, mwanamke wa makamo, nadhifu, mwenye sauti ya chini. Alitaka shati na suruali ya mtoto wa kiume.

"Mtoto yuko wapi nimpime?" dada akauliza.

"Hawezi kuja. Ila ni sawasawa na huyu wako. Mpime huyu."

Fundi yeyote anajua kwamba nguo hupimwa kwa mwenyewe, au walau kwa nguo yake ya zamani. Lakini kazi zilikuwa zimemlundikia. Haraka haraka haina baraka, sawa, ila methali haijawahi kumshonea mtu suruali. Dada akachukua futi, akampima Babu kwa niaba ya mtoto asiyemjua: mabega, kifua, kiuno, urefu wa mkono. Yule mama naye aliunganisha simu yake kwenye spika kama wateja wengine. Spika ikalia ule mlio wake wa kukubali. Hakuweka wimbo wowote. Alikaa akimtazama Babu akipimwa, taa ndogo ya buluu ikiwaka juu ya rafu. Mwishoni akauliza, "Anaitwa nani?" Nikamwambia. Akalirudia jina taratibu, mara moja tu.

Nguo zilipokuwa tayari alizifuata, akashukuru vizuri, akaenda zake. Hakuuliza kama zitamtosha mtoto. Kila mzazi huuliza. Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kumwona.

Asubuhi iliyofuata Babu akasema, "Mama, naomba maji," na mimi nikainua macho kutazama rafu. Sauti ilikuwa imetoka kwenye spika.

Tulicheka kwanza. Dada alidhani simu yake inanasa sauti ya mtoto na kuirusha kule juu, kwa hiyo akaizima. "Maji, Mama," Babu akarudia. Midomo ilicheza chini, sauti ikatoka juu. Dada akapanda kiti akaizima spika yenyewe. Babu aliendelea kuchezesha midomo na hatukusikia kitu. Alipoona hatumwelewi akaanza kulia, mdomo wazi, machozi yanamiminika, kifua kinapanda na kushuka, na chumba kimya hata ungeweza kusikia pasi ikipoa. Dada aliiwasha tena. Kilio kikatoka rafuni, kikiwa kimeshafika katikati.

"Usimwambie mtu," dada akaninong'oneza.

Tukaanza kuishi na spika kama watu wanavyoishi na mgonjwa. Mtoto akienda jikoni, spika jikoni. Akienda uani, spika uani. Akisogea mbali nayo maneno yalikatika vipande vipande. Chaji ikiisha, mtoto anakuwa bubu mpaka ijae tena. Umeme ukikatika dada alikuwa anakaa amemkumbatia, anamtazama midomo, anajaribu kubahatisha. Shemeji alidhani tunamfanyia mzaha mpaka alipomwona mwanawe akicheka bila sauti mbele yake, na kicheko kikitoka mezani. Alikwenda kuleta funguo za gari.

Tukaenda hospitali. Mimi mbele, dada nyuma na mtoto, spika mapajani pake. Shemeji alipowasha gari, redio ikalia mlio wa kuunganishwa na simu. Akapapasa mfuko. Simu yake alikuwa ameisahau nyumbani, na yangu na ya dada hazijawahi kuunganishwa na gari lile. Kwenye kioo cha redio, pale linapotokea jina la simu, palikuwa pameandikwa BABU. Taa ya buluu ya spika ikazimika mapajani pa dada. Kisha sauti ya mtoto ikatoka kwenye milango yote minne.

"Baba, twende."

Daktari alimulika koo, akasikiliza kifua, akapima masikio. Kila kitu kizima. "Huenda ameshtushwa na kitu," alisema. "Mpeni muda." Habari za gari hatukumwambia, maana tungelazwa sisi.

Tuliporudi nyumbani tuliiwasha spika. Ilipiga nyimbo vizuri kabisa, lakini sauti ya Babu haikuwemo tena. Ilikuwa imebaki garini. Na sasa umbali haukuwa kitu. Shemeji akienda kazini, hata upande wa pili wa mji, sauti ya mwanawe ilikwenda naye, na mtoto alibaki nasi sakafuni akichezesha midomo.

Shemeji akawa anapiga simu. "Mpe mtoto chakula, anasema ana njaa." "Mvue hiyo sweta, anasema inamwasha." Dada naye akawa anampigia mumewe. Mtoto amempakata mwenyewe, pumzi yake inamgusa shingoni, na bado inambidi aulize simuni, "Anasema nini sasa?" Hapo ndipo roho iliponiuma hasa. Mama kumsikiliza mwanawe kwa mkalimani.

Abiria walianza kumkimbia shemeji. Wengine walishuka kabla ya kufika.

Adhuhuri moja alikuwa ameegesha chini ya jengo la ofisi, peke yake, anasubiri mteja. Hili alitusimulia mwenyewe, akiwa amesimama mlangoni, hataki hata kukaa. Sauti ilimwambia:

"Baba, mwambie huyo mtoto anipishe."

"Mtoto gani?"

"Huyo wa nyuma. Amevaa nguo nilizopimwa mimi."

Akatazama kwenye kioo. Kiti kilikuwa kitupu. Lakini mkanda wa kiti cha nyuma ulikuwa umefungwa.

Adhuhuri ile ile mimi nilikuwa nyumbani na Babu. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, anacheza na vibiringo vya uzi. Nikamwona anasogea. Akasogea tena. Alikunja uso kama mtu anayesukumwa kwenye benchi. Alisogea, alisogea, mpaka bega likafika ukutani. Nilimwita. Hakunitazama. Alikuwa anatazama pale alipotoka kukaa.

Shemeji aliliacha gari pale pale, akarudi kwa miguu.

"Naliuza," alisema.

"Na mtoto je?" dada akauliza.

"Sauti ilikuwa kwenye spika, ikahama. Gari likienda mbali itakosa pa kukaa. Itarudi kwake."

"Nani kakwambia?"

Walibishana kwa kunong'ona ili mtoto asisikie, watu wazima wawili wanaopendana, mmoja ameshika mlango na mwingine ameshika kichwa. Mwishowe dada alimnyang'anya ufunguo. Akaapa kwamba gari hilo halitoki mikononi mwake hata kama atalala ndani yake. Alidhani amemaliza. Alisahau ufunguo wa akiba.

Keshoye dada alikwenda kununua uzi. Nikabaki na Babu. Ghafla aliinuka, akakimbilia dirishani, akashika nondo. Alikuwa anapiga kelele. Mwili wote ulikuwa unapiga kelele. Mishipa ya shingo ilimtoka, uso ukawa mwekundu. Hakuna hata mlio. Nilimbeba, nikamtikisa, nikamwimbia. Alipiga kelele hizo mpaka akachoka, kisha akakaa chini na kufunga mdomo.

Shemeji alirudi jioni akiwa amezeeka. Dalali alikuwa amemletea mnunuzi kutoka mbali, mtu wa haraka, hakuuliza maswali. Aliingia garini, akarudi nyuma, akaondoka. Wakati kioo kinapandishwa, shemeji alisikia sauti ndani.

"Baba, mbona huyu si wewe?"

Alilikimbiza gari hilo mpaka pumzi zikamwishia. Hakulipata.

Sauti haikurudi. Tulisubiri. Dada alimtafuta dalali, dalali akasema mnunuzi hakuacha hata namba ya simu, na ile aliyompigia mwanzoni haipatikani. Dada hakupigana na mumewe wala hakumfukuza. Wanaishi nyumba moja kama wapangaji: habari za asubuhi, chakula kiko mezani, usiku mwema. Shemeji anaendesha gari la mtu mwingine sasa, na redio yake ameing'oa. Babu amekua. Anasoma shule ya watoto wanaoongea kwa mikono, na huko nako wanasema ndiye msumbufu wa darasa kwa kuongea.

Wiki chache zilizopita tulimfuata shule, mimi na dada. Mchana kweupe, jua kali. Tukafika njia panda, taa nyekundu, magari yamepanga mstari. Babu akasimama. Mkono wake ukakaza ndani ya mkono wangu. Nikamtazama, nikaona midomo inacheza.

Na nikasikia.

Ilitoka kwenye gari la tatu, lenye vioo vilivyoshushwa. Rangi siyo ile tuliyoijua. Sauti haikuwa ya mtoto wa miaka mitatu tena. Ilikuwa ya mvulana mkubwa, nene kidogo, yenye kukwaruza. Ilikuwa imekua. Mahali tusipokujua, bila sisi, sauti ilikuwa imekua.

"Baba, simama. Mama yule pale."

Garini kulikuwa na dereva mmoja tu, mwanamume mwenye miwani, mikono kwenye usukani. Hakugeuka. Alijibu kwa upole, kama mtu ambaye ameshajibu swali hilo mara nyingi.

"Mama yuko nyumbani, mwanangu. Anatusubiri."

Taa ikawa ya kijani. Dada alikimbia. Kandambili zilimtoka miguuni, akapigiwa honi, mtu akamtukana. Aliita jina la mwanawe, akaligonga gari kwa kiganja, na dereva akapandisha kioo bila kumtazama. Gari likakata kona. Babu alikuwa bado amenishika mkono, anasema kitu. Hakikusikika kwetu.

Tangu siku hiyo, Babu akilala mchana baada ya shule, mdomo hubaki wazi kidogo. Ukisogea karibu unasikia. Mwanzoni nilidhani ni saa ya ukutani. Ni indiketa ya gari. Tik, tak, tik, tak, kisha injini inavuta, kisha kimya.

Dada hamwamshi. Anaacha cherehani, anapiga magoti, anaweka sikio mdomoni pake. Anajaribu kusikia wanakata kona kwenda wapi.