Kifaransa cha Mama Emerance

Kila asubuhi Mama Emerance alianika ndagala, samaki wadogo wa ziwani, mbele ya nyumba yake, mjini Kalemie. Mume wake, Papa Siméon, alifyatua matofali karibu na mto Lukuga. Jumanne moja, Papa Siméon alirudi mapema sana. Saa tatu ilikuwa haijafika. Alikaa chini bila kuvua viatu.

"Papa Glodie, kuna nini?" Mama Emerance aliuliza, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Sijui. Kifua inanibana. Ni kama mutu amenikalia hapa."

Aliweka ngumi katikati ya kifua. Jasho lilimtoka, lakini ngozi yake ilikuwa ya baridi. Maumivu yalishuka kwenye mkono wa kushoto, yakapanda mpaka kwenye taya. Kisha akatapika kidogo.

Mama Emerance hakuelewa. Ugonjwa gani unashika kifua, mkono na taya kwa pamoja? Ni malaria? Ni chakula cha jana? Alimpa maji, akampepea. Hakuona nafuu. Akaita pikipiki, wakaenda kwenye kituo cha afya.

Huko walipokewa na muuguzi aitwaye Cyrille. Alikuwa amefika kutoka Bandundu majuma mawili tu yaliyopita. Alijua Kilingala na Kifaransa. Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu.

Mama Emerance alikuwa amesoma mpaka darasa la sita. Akatafuta Kifaransa chake cha shuleni, neno kwa neno. Kuuma ni "mal". Moyo ni "cœur". Akasema, "Il a mal au cœur."

Cyrille aliweka mkono mdomoni, akionyesha mtu anayetapika. Aliuliza kama mgonjwa ametapika.

"Oui," Mama Emerance akajibu, yaani ndiyo.

Cyrille aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekwisha kuelewa. Akaleta beseni na dawa ya maji, akamlaza Papa Siméon kwenye benchi, akaenda kwa wagonjwa wengine.

Mama Emerance alibaki akiangalia lile beseni. Beseni la nini? Moyo unatibiwa kwa beseni? Lakini yule alikuwa muuguzi, na yeye alikuwa muuza ndagala. Akaendelea kumpangusa mume wake jasho. Midomo ya Papa Siméon ilianza kuwa na rangi ya majivu.

Mama Arlette, mkunga wa kituo, alikuwa anapita. Akasimama.

"Mama, Papa anaumwa nini?"

"Moyo, Mama. Nilimwambia muuguzi kwa Kifaransa, nilisema 'mal au cœur'. Lakini ameleta beseni!"

"Ee Mungu! Kwa Kifaransa, ile maneno ni kichefuchefu. Amefikiri tumbo njo inamusumbua."

Mama Emerance alishika mkono wa mume wake. "Basi ni miye njo nimemuua?"

"Hapana. Yuko muzima, na si kosa yako. Sasa, wacha Kifaransa. Usitafute jina ya ugonjwa. Sema kwa Kiswahili vile unaona. Inauma wapi? Ilianza saa ngapi? Inaenda wapi?"

Mama Emerance akasema yote: ngumi kifuani, mkono, taya, jasho baridi, pumzi fupi, tangu kabla ya saa tatu. Mama Arlette alimwita Cyrille, akamfasiria. Uso wa Cyrille ukabadilika. Akauliza kama Papa Siméon anadhuriwa na aspirini, au ana kidonda kinachotoa damu tumboni. Mama Emerance akasema hapana. Akampa aspirini atafune, akapigia simu hospitali kubwa, akaomba gari.

"Asitembee hata kidogo," Mama Arlette alieleza. "Mushipa wa damu wa moyo umeziba. Kila dakika, sehemu ya moyo inakufa. Maumivu ya namna hii, musingoje ipite. Mukifika, ombeni mutu anayejua luga yenu. Akikosekana, onyesheni kwa mukono."

Papa Siméon alilala hospitalini siku tisa. Daktari alisema moyo wake umeumia, lakini ataishi. Sasa habebi matofali tena. Sigara ameacha. Vidonge anameza kila siku.

Cyrille alikuja nyumbani kwao kuomba msamaha. Alikaa kwenye kigoda, akafungua daftari.

"Mama, nifundishe," akasema polepole.

Akaandika: inabana, inachoma, inakata. Aliposema "inapanda" kwa mdomo wa Kilingala, Papa Siméon alicheka, naye Mama Emerance akacheka mpaka akafuta machozi.

Mwezi uliofuata, Mama Emerance alikwenda kituoni kuchukua dawa za mume wake. Mama mmoja mzee, Mama Françoise, aliingia akishika kifua. Cyrille alipiga magoti mbele yake.

"Mama, inauma wapi? Inabana ao inachoma?"

"Inabana, mutoto yangu. Tangu asubuhi."

"Inaenda wapi?"

Mama Françoise alipitisha kidole kwenye mkono wake, mpaka kwenye kiganja. Kabla dakika kumi hazijapita, gari la hospitali kubwa lilikuwa mlangoni.