Watu Thelathini na Wanane

Alkhamisi moja, saa kumi na nusu za jioni, Kheiria binti Saeed alisimama katikati ya mtaa wa maduka wa Hamriya na mfuko wa mihogo ya barafu mkononi, na hasira za kutosha kuiyeyusha. Gari yake ilikuwa imezibwa. Nyuma yake, kwa utulivu wa mtu anayeegesha mbele ya nyumba ya babake, mtu fulani alikuwa ameacha gari ya kijivu na kwenda zake.

"Gari hii ya nani?" aliuliza. Muuza vitambaa akatazama juu, fundi wa saa akatazama chini. Kheiria akaingia ndani ya gari yake, akapiga honi mara kumi na moja. Tunaitaja idadi hiyo kwa sababu mwenyewe aliihesabu. Kuhesabu ndiyo kazi yake.

Mwenye gari akatokea dukani akitafuna sambusa. Kanzu yake, dishdasha, ilikuwa nyeupe na imepigwa pasi mpaka ikasimama, isipokuwa mikononi, ambako palikuwa na unga.

"Samahani dada yangu. Dakika moja tu niliingia."

"Kumi na nne."

"Umepima?"

"Nnapima kila kitu. Ondoa gari."

"Naondoa. Lakini ukikasirika hivyo, mihogo itaiva kabla hujafika nyumbani."

Kheiria alikuwa amevaa abaya ya kijani kibichi iliyotariziwa mikononi, na wanja uliochorwa kwa mkono usiotetemeka. Macho yale yalimpita kijana, yakatua kwenye kiti cha nyuma cha gari ya kijivu, palipojaa maboksi ya biskuti. Jina la kiwanda lilikuwa limepigwa chapa juu ya kila boksi.

"Unafanya kazi hapo?"

"Msimamizi wa uzalishaji. Harub bin Amur."

"Aa. Saini yako ina mkia kama wa kenge."

Harub akaacha kutafuna. "Saini yangu umeiona wapi?"

Ikambidi aeleze. Alikuwa anafanya kazi Al Khuwair, katika ofisi inayoviuliza viwanda vyote, kila mwaka, mambo mawili: mmetengeneza kiasi gani, na mmetengeneza kwa watu wangapi. Kisha yeye hugawa cha kwanza kwa cha pili, na nchi hujua kama mfanyakazi wake wa leo anazalisha kuliko wa jana. Fomu za kiwanda cha biskuti alikuwa akizisoma kwa mwaka wa nne.

"Kumbe," alisema Harub. "Miaka minne nakuandikia, na hujanijibu hata mara moja."

Kheiria hakucheka. Alicheka alipofika kwenye mzunguko wa barabara wa Ruwi, peke yake, na dereva wa teksi aliyekuwa pembeni akadhani anachekwa yeye.

Jumapili simu ya ofisi ikalia. Harub alitaka kujua, kwa sauti ya kiserikali kabisa, kama mkia wa saini yake unaleta tatizo la kisheria. Jumatatu alipiga tena. Jumatano alipewa nambari ya mkononi; sababu, aliambiwa, ni kupunguza mzigo wa simu za ofisi.

Mapenzi yao yalikwenda kwa heshima. Baada ya kazi walikutana kwenye kibanda cha karaki, chai ya maziwa na iliki, kila mmoja ndani ya gari yake, gari mbili zimeegeshwa ubavu kwa ubavu na vioo vimeshushwa. Hapakuwa na mtu wa kusema wameonekana wamekaa pamoja, maana hawakukaa pamoja. Mhudumu alipitisha vikombe dirishani, na maneno yakapita baina ya madirisha.

"Habibti, umekula?"

"Nimekula biskuti zako. Chumvi imezidi."

"Mlalamikie msimamizi."

"Ndiye namlalamikia, roho yangu. Hasikii."

Kulikuwa na jambo moja tu lililozuia posa. Baba yake Kheiria alikuwa ameshamrudisha mchumba mmoja kwa sababu hakuwa na cheo, na Harub hakutaka kuwa wa pili. Mkurugenzi wake, Bwana Humaid, alikuwa amemuahidi umeneja mwezi wa sita. Ahadi ile ilitoka kwenye ripoti ya ofisi ya Kheiria mwenyewe. Humo, ndani ya kisanduku cha buluu, iliandikwa kwamba kiwanda kimoja cha vyakula kimefanya maajabu: miaka minne nyuma kilikuwa na wafanyakazi sitini na wawili na kila mmoja alizalisha kartoni mia nane kwa mwezi, sasa wapo arobaini na mmoja tu, na kila mmoja anazalisha elfu moja mia tano na arobaini na moja. Kiwanda hakikutajwa jina, lakini Bwana Humaid alikijua. Kisanduku kile alikiandika Kheiria, kabla ya Hamriya na mihogo, na alijivunia mno. Sasa kila mmoja wao alikuwa akingojea mwezi wa sita kwa namba aliyoisaidia kuizaa.

Jumatatu moja, adhuhuri, Harub akampigia simu akiwa na furaha.

"Kipenzi, leo tumevunja rekodi. Nimewaagizia watu wangu biriani. Sahani sabini na tisa, na hakuna iliyobaki."

"Sabini na tisa? Mlikuwa na wageni?"

"Wageni gani? Watu wa kwenye mstari wa mashine. Wewe hujawaona wanavyokula."

Kheiria akaaga kwa upole. Akafungua fomu ya mwaka huu. Wafanyakazi: arobaini na mmoja. Chini yake, kenge na mkia wake.

Akatoa sahani arobaini na moja kwenye sabini na tisa. Wakabaki watu thelathini na wanane walioshiba biriani na hawapo duniani.

Kuna wanawake ambao hasira huwatoa machozi. Kheiria hasira ilimtoa barua. Aliiandika mchana ule ule, kwa anuani ya kiwanda: tafadhali thibitisheni idadi ya watu wote wanaofanya kazi ndani ya jengo lenu, mwaka kwa mwaka, katika muda wa siku kumi. Akatia jina lake. Kisha akaenda kwa mkuu wake, Bi Masouda, mwanamke aliyevaa miwani miwili, mmoja puani na mmoja kichwani, na akamweleza yote, pamoja na chai.

"Umejua lini?"

"Leo."

"Na barua umeandika lini?"

"Leo."

"Na huyo bwana?"

"Bado hajajua kama tumegombana."

Bi Masouda alivua miwani ya puani. "Jalada la kiwanda kile, kuanzia sasa, likikaguliwa nnakagua mie. Na kile kisanduku, Kheiria, kimesomwa mpaka na mawaziri. Kikiwa uwongo, utasimama weye mbele ya watu uwambie."

"Nitasimama."

"Utatetemeka."

"Nitasimama natetemeka."

Barua ikafika Jumatano. Bwana Humaid alimwita Harub na kuitupa mezani kwa vidole viwili.

"Jibu, arobaini na moja. Wale wengine si wetu, ni wa kampuni ya vibarua. Wao ndio wanaowalipa, wao ndio wawahesabu."

"Lakini wameuliza walio ndani ya jengo."

"Harub. Mwezi wa sita unataka kukaa wapi?"

Saa nane simu ya Kheiria ikalia. Hapakuwa na habibti.

"Umeniletea barua."

"Ofisi imekuleteeni barua."

"Jina lako liko chini."

"Kwa sababu kazi ni yangu."

"Ungeniuliza kwenye chai. Miezi mitano vioo vimeshushwa, ukashindwa kusema, Harub, hii namba vipi?"

"Kwenye chai mimi ni mtu wako. Ningekuuliza pale, ungeirekebisha pale pale, na mimi ningekuwa nimekuficha."

"Kwa hiyo ulikuwa ukinikagua. Nakwambia nimelisha watu, wewe unahesabu sahani."

"Watu gani? Mbona kwenye fomu hawapo?"

"Si wa kwetu wale. Wa kampuni."

"Biskuti wanazopakia ni za nani?"

"Zetu."

"Basi mikono ya kampuni, biskuti zenu. Mimi kazi yangu kugawa, Harub. Ukiniletea kartoni za watu sabini na tisa ukaniambia ni za arobaini na mmoja, jawabu litakuwa uwongo hata nikigawa nikiwa na udhu."

"Ongea polepole."

"Na nikuulize. Ulinitafuta kwa mapenzi, au ulinitafuta ili namba zako zipite?"

Upande wa pili mashine za biskuti zilikuwa zikigonga.

"Neno hilo lirejeshe," alisema Harub.

"Jibu kwanza."

"Simjibu mtu anayeniuliza hivyo."

"Basi jibu barua. Zimebaki siku nane."

Simu ikakatwa. Historia haijui nani aliyekata. Kila mmoja anadai ni yeye.

Harub alichukua kibao cha kuandikia akashuka kwenye mstari, amefura kama mkate. Nia yake ilikuwa kuhesabu wafanyakazi halali wa kiwanda, arobaini na mmoja, kwa kidole, ili uthibitisho wake uwe na uzito na mtu fulani wa Al Khuwair apate aibu. Akahesabu akiruka. Huyu wetu, huyu wa kampuni, huyu wetu. Akamruka Mahbuba, mpakiaji kutoka Tanga, mwanamke mwembamba mwenye kofia ya nailoni na mikono ambayo haikuwahi kuonekana imesimama.

"Unahesabu nini, bosi?"

"Watu."

"Mbona mimi umenipita?"

"Wewe wa kampuni ya vibarua."

"Haya." Aliziba boksi, akavuta jingine. "Juzi uliponiambia nibaki zamu ya pili, mashine haina mtu, ulimwambia nani? Kampuni?"

"Mahbuba, hii ni karatasi tu."

"Kama karatasi tu, bosi, si uniandike."

Hakusema kwa ukali. Alisema akipakia. Harub alimkasirikia hata hivyo. Alimkasirikia Mahbuba, akamkasirikia Kheiria, akamkasirikia Bwana Humaid, na alipomaliza orodha akakuta amebaki mtu mmoja ambaye bado hajakasirikiwa, naye ndiye aliyetia saini fomu nne. Majina ya watu wale thelathini na wanane alikuwa anayajua yote. Alijua nani ana kisukari na nani anadai likizo ya harusi. Aliwajua kila mahali isipokuwa kwenye karatasi.

Akarudi mwanzo wa mstari na kuhesabu tena, bila kuruka. Kisha akaingia ofisini, akafungua majalada ya miaka yote na kugawa mwenyewe. Mwaka wa kwanza: kartoni elfu arobaini na tisa na mia sita kwa mwezi, watu sitini na wawili. Mia nane. Mwaka huu: kartoni elfu sitini na tatu na mia mbili, watu sabini na tisa.

Mia nane.

Aligawa mara tatu. Maajabu ya miaka minne, kisanduku cha buluu, umeneja, mwezi wa sita, na mfanyakazi wa biskuti alikuwa amesimama pale pale, hakuongeza hata kartoni moja, ila karibu nusu yao walikuwa wamefutwa.

Bwana Humaid alipoona Harub amejibu sabini na tisa hakupiga kelele. Alisema Harub amechoka, apumzike ghalani. Umeneja ukaenda kwa mtu mwingine.

Siku ya tisa, saa nne za asubuhi, Harub aliingia ofisi ya Al Khuwair, akachukua nambari ya foleni na kukaa baina ya mtengeneza mabomba na mtengeneza maziwa. Kofia yake ilikuwa imenyooka, dishdasha haina unga hata punje. Ghalani hakuna unga. Nambari yake ilipoitwa, dirishani alikaa Kheiria, na abaya nyeusi isiyo na tarizi, kama mtu aliye matangani.

"Fomu za miaka minne," alisema Harub, akizisukuma. "Na majina. Mpe mkuu wako akague."

Kheiria akatazama jumla ya kila ukurasa. Akafika kwenye mia nane ya mwisho, akatulia. "Sawa sawa kabisa?"

"Sawa sawa kabisa. Umefurahi?"

"Usiniulize kama nimefurahi. Jumanne nnasimama mbele ya watu kukitangua kisanduku changu."

"Mimi nimeshahamia ghalani."

Wakatazamana kwa chuki nzuri sana, ya watu waliokosa chai kwa siku saba. Mtengeneza maziwa alisogea kusikia vizuri.

"Sasa na mimi nikuulize," alisema Harub. Akatoa fomu ya zamani mfukoni, akaiweka juu ya zile nyingine, kidole kwenye mstari wa tatu. "Soma."

Kheiria akasoma kwa sauti. "Idadi ya wafanyakazi walio kwenye orodha ya mishahara ya kiwanda."

"Orodha ya mishahara. Nimekujibu ulichouliza. Nilijua kuna wengine, na nikanyamaza, hilo kosa langu na nimelilipia. Lakini swali hili kaandika nani?"

Kheiria alilijua swali lile. Aliliandika mwenyewe, wiki yake ya pili kazini, na likapelekwa kwenye kila kiwanda cha nchi nzima, na kila kiwanda chenye vibarua kilijibu kwa shukurani.

"Mimi," alisema.

"Kwa hiyo viwanda vingine..."

"Vyote. Itabidi viulizwe upya vyote, miaka minne." Akafunika uso, akaufunua, na hasira ilikuwa bado ipo, ila sasa haikujua ikae wapi. "Na nilikwambia umenitafuta ili namba zako zipite."

"Ulisema."

"Nnalirejesha."

"Bado nimekasirika."

"Na mimi. Ulikula nao biriani, Harub."

"Najua nilikula nao." Akainama karibu na kioo. "Cheo sina. Nilichonacho ni ghala na mama anayeuliza kila siku yule binti wa namba yuko wapi. Kama babako atanirudisha, anirudishe mwenyewe, nimsikie. Nataka kugombana na wewe mpaka tuzeeke, lakini kwa ruhusa yake."

Kheiria aligonga muhuri kwenye fomu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kila mmoja kwa nguvu kuliko uliotangulia. Akajibu bila kuinua macho.

"Ijumaa, baada ya Alasiri. Mlete mama yako. Na uje umekasirika hivyo hivyo, baba akuzoee mapema."