Jumapili za Jerba

Mnada wa samaki wa Humt Suk ulikuwa umepamba moto. Dalali, juu ya kiti chake kirefu, aliinua mtungo wa mikizi, na Rafika, mwalimu aliyehamishiwa kisiwa cha Jerba kutoka mji wa Sfaksi, Tunisia bara, akataja bei. Nyuma yake sauti ya kiume ikapandisha. Akaongeza, nayo ikaongeza. Mwishowe mtungo ukaenda kwa kijana mwenye chokaa mikononi, naye akamgeukia.

"Tugawane, bibie. Peke yangu siumalizi."

"Ulilijua hilo tangu mwanzo?"

"Nililijua ulipogeuka kuniangalia."

Aliitwa Nizar, fundi wa kupaka chokaa misikiti ya kale. Tangu hapo kila Jumapili alimtembeza: ngome ya pwani, vinu vya mafuta ya zeituni vilivyochimbwa ardhini, karakana za wafinyanzi wa Gelala. Rafika alivaa gauni lake la kitani la rangi ya zafarani. Alimtania Nizar kwamba anapapasa kuta zaidi kuliko anavyomshika yeye mkono, naye akajibu kwamba ukuta hauna kaka wa kumpiga.

Jumapili moja wakashuka kwenye msikiti wa chini ya ardhi, huko Sedwikish. Ndani mlikuwa na ubaridi na harufu ya udongo, na mwanga uliingia kwa tundu la darini. Bawabu akamkumbatia Nizar, akamtakia safari njema ya Ufaransa. Dukani kwa kaka yake Nizar huko, alisema, riziki haitakosekana.

Rafika akapanda ngazi, akaondoka peke yake. Baba yake mwenyewe alihamia Ufaransa; alirudi kila kiangazi na masanduku, na mama yake akazeeka akimsubiri.

Simu za Nizar akaziacha zilie. Siku alipopokea, sauti yake ilikuwa tulivu.

"Uliniambia umri wa kila ukuta, Nizar. La kuondoka hukuniambia."

"Niliogopa utaacha kuja."

"Ningekuja. Ningejua tu kwamba naagwa."

Nizar akaeleza kweli yote. Safari aliikubali kabla hawajajuana, kisha kila Jumapili alipokusudia kumwambia, ulimi ukawa mzito. Sasa amemwarifu kaka yake kwamba haendi. Kaka amemtukana vya kutosha, halafu nafasi akampa binamu yao.

"Usibaki kwa ajili yangu," Rafika alisema. "Abakiye kwa ajili ya mwenzake, siku moja humdai."

"Kule ningeuza maziwa na sigara. Hapa napaka chokaa, watu wanaingia wanasali. Kazi hii niliipenda kabla yako, mpenzi, ila sikuwa na ujasiri wa kumkatalia kaka. Sasa nataka kukuoa, kama utanikubali."

Rafika akaihamishia simu sikio la pili.

"Mlete mama yako Sfaksi Jumapili hii, aje kuniposa kwa mama yangu. Na msichelewe kivuko. Kwetu tumechoka kungoja wanaume."